Jina la Mtoto wa Garini

Sogeeni niwape kesi. Hukumu mtatoa nyinyi.

Palikuwa na wanawake watatu katika gari la kliniki, gari kubwa lenye vitanda na maji kama nyumba. Jumwa, dereva, sikio lake lilijua mashine inaumwa kabla haijazima. Sadia, mkunga, alikuwa na viganja visivyochoka. Mbodze, fundi umeme, hakuwahi kufichwa kosa na waya.

Adhuhuri moja, karibu na Hola, Habona alikuwa humo garini akijifungua mtoto wake wa kwanza. Kiyoyozi cha juu ya paa kikaanza kuguna, kisha kikapuliza joto tupu. Gari likawa tanuri. Habona akahisi nguvu zinamwishia.

Jumwa alisikia ule mguno, akajua umeme una hitilafu, akakimbilia jenereta. Hajafika, Buya, mume wa Habona, akaja pekupeku na ndoo ya maji, akashika kishikio cha mlango wa gari. Mkono ukagandia pale pale. Habona alimwona akitetemeka, macho yamemtoka, hana hata sauti. Jumwa akazima jenereta. Buya akaanguka mchangani kama gunia.

Hakuwa akipumua.

Sadia akamtazama mama, akamtazama baba. "Dada, usisukume bado. Nisubiri." Akaruka nje, akambana Buya kifua, akahesabu, akambana tena na tena, mpaka Buya akakohoa.

Mbodze keshapanda paani, bati likimchoma magoti. Akakuta waya wa kiyoyozi umesuguana na chuma hadi ukachunika. Umeme ulikuwa ukivujia kwenye bodi lote la gari badala ya kufika kwenye mota. Akaukata, akaunga mwingine, akaupitisha mbali na chuma, akapima mara mbili, ndipo akaagiza jenereta iwashwe. Ubaridi ukashuka. Habona akapata pumzi, akasukuma, mtoto wa kike akalia.

Jioni, Buya, midomo bado yamcheza, alisema mtoto ataitwa jina la aliyewaokoa. Jumwa akasema mwiteni Sadia. Sadia akamtaja Mbodze. Mbodze akasema bila Jumwa yeye angeshuka paani kukuta msiba.

Habona alimkumbatia mwanawe, akimtazama mumewe kama mtu aliyerudi kutoka kaburini.

Jina ni moja, wenzangu. Lau mtoto huyo angewekwa mikononi mwenu, mngemwita nani?