Mimba ya Bwana Kifaru

— Wenye masikio mpo?
— Tupo, tumeyatega!
— Na wenye matumbo?
— Yananguruma!
— Basi yatulizeni, nawasimulia kisa cha tumbo.

Hapo kale, kwenye kilima cha mawe matupu, aliishi Pimbi mmoja jike, jina lake Mashavu. Pimbi mnamjua: mdogo kama sungura, mkia hana, na mdomo wake haupumziki. Mwaka huo Mashavu alikuwa mja mzito, mimba pevu, na ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali. Majani ya kilimani hayakuwa na ladha. Ukiyatafuna, ni kama unatafuna mkeka.

Siku moja hamu ikamshika. Si hamu ya majani, si hamu ya matunda. Hamu ya udongo! Udongo mweupe, wenye chumvichumvi, ulioko bondeni. Akilala anauota. Akiamka anameza mate. Akalamba mawe, wapi! Akalamba miguu yake mwenyewe, akaona haya. Kisha miguu ikaanza kumtetemeka, na watoto tumboni wakatulia, hawachezi tena kama zamani. Hapo Mashavu akaingiwa na hofu.

Akamwendea jirani yake Nungunungu. "Shoga, huu ni ulafi au ni ugonjwa?"

"Si ulafi," akasema Nungunungu. "Mimi nikilea mimba natafuna mifupa mikavu, ka! ka! ka! Nani anapenda mifupa mikavu? Mwili ndio unaitaka. Wako unataka chumvi. Nenda kalambe."

Kulamba! Rahisi kusema. Udongo ule ulikuwa umekaliwa na Bwana Kifaru. Asubuhi analamba, lwa! lwa! lwa! Mchana analamba, lwa! lwa! lwa! Jioni analamba, na tumbo limevimba kama ngoma. Swala akija na ndama wake: "Puh! Wangu!" Swala anakimbia. Pundamilia akija: "Puh! Wangu!" Pundamilia anakimbia.

Mashavu akashuka bondeni, tumbo mbele.

"Nani huyo?" akanguruma Kifaru, maana macho yake hayaoni mbali.

"Ni mimi Mashavu, Bwana Kifaru. Shikamoo."

"Marahaba. Udongo ni wangu!"

"Ni wako, baba, ni wako. Sikuja kuula. Nimekuja kukupa hongera."

"Hongera ya nini?"

"Ya mimba."

Ulimi wa Kifaru ukabaki nje. "Mimi ni dume!"

"Hata mimi nimeshangaa. Lakini hebu nijibu. Asubuhi unatamani udongo?"

"Natamani."

"Mchana?"

"Natamani."

"Na ukishiba?"

"Hapo ndipo natamani zaidi!"

"Ehee. Mwili hauombi bure, baba. Anayetamani maji amekauka. Anayetamani chumvi imempungua. Na anayetamani udongo kutwa kucha, huyo ana mtu tumboni. Mimi ninaye, na hamu yangu ni hiyohiyo yako. Na hilo tumbo, umeliona lilivyo?"

Kifaru akajitazama. Mara tumbo lenyewe, lililojaa udongo, likalia: guru-guru-bwu!

"Amegeuka," akasema Mashavu. "Ana afya, mashallah."

Kifaru akaketi chini, ti! Sauti ikawa ndogo kama ya mbu. "Sasa nifanyeje, mama?"

"Nenda kule mtoni kwenye migunga. Kula majani mabichi, kunywa maji mengi, usigombane na mtu. Na udongo usiuguse siku saba, utamlemea mtoto."

"Nani atanilindia?"

"Mimi. Nitauwekea ulimi juu, udongo usiondoke."

Kifaru akaenda zake polepole, ti... ti... ti... akilishika tumbo kwa macho.

Alipotoweka, Mashavu akainama. Lwa! Machozi yakamtoka kwa utamu. Lwa! lwa! Akalamba, akalamba, mpaka ulimi wenyewe ukasema basi. Hamu ikaondoka kama haikuwapo. Na ndani, tiki! tiki! watoto wakaanza kucheza. Akawaita Nungunungu, Swala na ndama wake, Pundamilia. Kila mmoja alilamba, na kila mmoja alipotosheka aliondoka mwenyewe bila kufukuzwa.

Siku ya sita Mashavu akajifungua watoto watatu, macho yamefumbuka, miguu imara.

Siku ya nane, ti! ti! ti! Kifaru huyo. Wanyama wakaganda. Lakini tumbo lake lilikuwa limeywea, ngozi inang'aa, na alikuwa analia.

"Mama Mashavu! Mtoto wangu kapotea!"

Wengine walibana vicheko. Mashavu alishindwa kucheka. Alimwona amesimama pale, mkubwa vile, mpweke vile, akasema, "Hukuwa na mtoto, baba. Ulikuwa na udongo. Nilikudanganya, kwa sababu watoto wangu walikuwa wanakufa tumboni."

Kifaru akapumua, puuuh. Vumbi likapaa. Kila mtu akangoja kukanyagwa. Basi mtoto mmoja wa Mashavu, asiyejua hatari, akampanda puani, akakaa chini ya pembe.

"Huyu ni nani?"

"Ni wangu wa mwisho."

"Mbona mdogo hivi? Anataka nini?"

"Anataka kulamba."

Kifaru akafikiri. Akasogea kando, taratibu, asimwangushe. "Basi alambe. Na nyinyi wengine jipangeni. Atakayemsukuma mtoto tutaonana!"

Hapo kisa nimekitua, anayekitaka akibebe. Na funzo lake, watoto wazuri, ni hili: msiseme uongo kama Mashavu. Mwongo hapati kitu hata kidogo, isipokuwa chumvi ya kumtosha, watoto watatu wenye afya, na yaya mwenye pembe.