Kompyuta ya Mifumo Miwili

Hapo zamani, wala si zamani sana maana kompyuta zilikuwapo, zahanati ya Kwemtindi ilikuwa na kompyuta moja tu. Ndani yake zilihifadhiwa kadi za akina mama za miaka tisa.

Ikaja programu mpya isiyokubali mfumo wa zamani ulioiendesha kompyuta ile. Fundi Sabina akaweka mfumo mpya ubavuni mwa ule wa zamani. Tangu hapo, kila kompyuta ilipowashwa ilifungua mfumo mpya tu. Wa zamani haukuonekana tena, wala kadi zake. Daktari Mbaga akasema umeshakufa, ufutwe uache nafasi.

Bi Kidawa, mfagizi wa zahanati, akaweka ufagio chini.

"Daktari, mama zetu wamo humo. Usifute leo, ngoja walau hadi Ijumaa."

Daktari akaona haya, akakubali.

Alhamisi akaletwa Namsifu, uchungu umemshika, damu inamtoka, hajitambui. Mumewe alikumbuka jambo moja: katika uzazi wa kwanza mkewe alichomwa sindano ikataka kumuua. Sindano ipi, hakujua. Iliandikwa kwenye kadi yake, ndani ya mfumo wa zamani.

Sista Mwajabu, mkunga, alikuwa akiona kila asubuhi maandishi madogo yakipita kwenye kioo kabla kompyuta haijaamka, yakitaja kitufe fulani. Wenzake waliyapuuza. Akazima, akawasha, akakibonyeza. Ikatokea orodha ya kuchagua mfumo, lakini ilikuwa na jina moja tu: mfumo mpya.

Akampigia Sabina simu. Sabina akaja mbio kutoka sokoni, kiatu kimoja mkononi, akaingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine.

"Kosa ni langu," alisema. "Niliuzima wa zamani ili mpya uwahi kuwaka."

Akauwasha. Orodha ikawa na majina mawili. Wakachagua la pili, kadi ikafunguka, wakaisoma. Daktari akairudisha kwenye trei sindano aliyokuwa ameishika. Ilikuwa ile ile. Akachukua dawa nyingine.

Jioni Namsifu alifumbua macho, binti yake kifuani. Akasema mtoto atachukua jina la aliyemwokoa mama yake.

Kidawa akasema kwamba kama yeye angenyamaza, kusingekuwa na cha kutafuta. Mwajabu akasema bila yeye kuiona orodha, hata Sabina asingeitwa.

"Mimi ndiye niliyefunga," Sabina alisema. "Lakini ni mimi niliyefungua, na hapa hapakuwa na mwingine anayejua."

Namsifu aliwatazama mmoja mmoja, akacheka kidogo. Mtoto akaendelea kunyonya.

Haya, nyinyi mlionisikiliza: Kidawa, Mwajabu au Sabina? Mtoto aitwe nani?