Mweusi wa Nyuma ya Mzee Kibwana

"Ukitaka uso, mulika ukuta."

Mmelisikia neno hilo leo asubuhi, shangazi yenu alipomkataza kaka yenu kumvamia mchumba wake kwa maswali. Mkacheka, mkadhani shangazi kachanganyikiwa. Hajachanganyikiwa. Nyinyi mnaopiga picha hamsini kabla ya chai, wekeni simu chini niwaeleze neno hilo lilikotoka.

Zamani za picha za mkanda alikuwapo Korogwe mpiga picha aitwaye Chambuso. Kazi aliijua, ila ulimi wake ulitangulia masikio. Siku moja Bi Mashavu, dada wa bibi yake, alimwita amsomee barua. Ilitoka Lubumbashi, kwa Mwanahija, binti yake wa pekee, aliyeolewa huko miaka kumi na tisa nyuma.

"Mama," iliandikwa, "wanangu wananiuliza bibi yao yukoje, nami uso wako umeanza kunipotea. Nitumie picha, hata moja."

Bi Mashavu alilia sana. Miguu yake haikuweza safari tena, na Mwanahija hakuwa na nauli ya kuja. Picha ndiyo iliyobaki. Lakini Chambuso alipotaja kamera, bibi alitikisa kichwa.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume, "niombe chochote, hicho hapana. Babu yako Kibwana alipigwa picha ndani ya chumba hiki siku ya Idd. Nyuma yake akatokea mtu mweusi. Mwezi haukuisha, tukamzika. Mweusi yule ndiye aliyemchukua."

"Bibi nawe! Hicho ni kivuli tu cha taa ya kamera."

"Ulikuwapo?"

Chambuso alikuwa hajazaliwa, lakini hakukoma. Alieleza habari za taa na mwanga, na kadiri alivyoeleza ndivyo bibi alivyozidi kujifunika kanga, mpaka yakabaki macho. Ndipo aliponyamaza. Aliona haya, maana alikuja kuupata uso ule na sasa ameufukuza.

Akakaa mkekani. "Bibi," akauliza taratibu, "babu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Babu yako? Alikuwa na maringo huyo! Alinunua tarbushi yenye kishada kirefu, basi akisalimiwa anatikisa kichwa makusudi ili kishada kicheze." Bibi akacheka, na kanga ikateremka yenyewe mabegani.

Chambuso akaiacha kamera mkobani, akatoa taa yake peke yake. "Bibi, inua mkono." Akaielekeza kwa bibi, akabonyeza kitufe. Mwanga ukapiga, na ukutani nyuma ya bibi mtu mweusi akaruka, kainua mkono.

"Huyo!" bibi akapiga kelele. Kisha akautazama mkono wake, ungali juu. "Kumbe ni mimi?"

"Ni wewe. Sasa nitamwondoa."

Dari ilikuwa nyeusi kwa masizi, isingerudisha mwanga wowote. Lakini ukuta wa kando ulikuwa umepakwa chokaa kwa ajili ya Idd. Chambuso akaigeuza taa huko, akampa bibi kisogo cha taa, akabonyeza. Mwanga uligonga chokaa ukarudi mpole, ukamzunguka Bi Mashavu kila upande. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Chambuso alikuwa ameifanya kazi ile mara nyingi, lakini siku ile mwili ulimsisimka. Aliona uso mzima, kila kunyanzi, hata kidoti cha shavuni ambacho hakuwahi kukijua.

Bibi alikwenda kwenye sanduku, akafunua nguo, akatoa picha ambayo hakuwa ameitazama kwa miaka arobaini. Mzee Kibwana alikuwa amesimama na tarbushi yake, na nyuma yake yule mweusi. Bibi akaisogeza karibu na macho. Kando ya kichwa cha yule mweusi kilining'inia kishada.

"Ni yeye," alinong'ona. "Ya Rabi, ni yeye mwenyewe. Miaka yote hii namkimbia mume wangu."

Safari hii hakuwa akimtania mtu. Aliibusu picha, akajifuta macho, akakaa sawasawa kitini. "Haya, piga. Mwanangu anione."

Barua ya Lubumbashi ilirudi baada ya miezi miwili: "Mama, nimekiona mpaka kidoti." Majirani walipomuuliza Bi Mashavu amekubalije, alijibu, "Aliponimulika usoni nilijifunika. Alipomulika ukuta nikaonekana." Watu wakayafupisha maneno yake, nayo yakatembea mpaka yakatufikia.

Basi mwambieni kaka yenu maswali yake ayaweke kando kwanza. Amuulize yule binti habari za mama yake, halafu atulie asikilize. Ukitaka uso, mulika ukuta.