Ufa wa Hondohondo

Mkimwona hondohondo dume akimlisha mkewe kupitia ufa wa mti, msidhani amemfungia kwa wivu. Hayo ni maneno ya wasiojua. Mimi nimeipata habari hii kwa bibi yangu, naye hakuwa mtu wa kupitwa na mambo ya watu.

Hapo kale hondohondo walijenga viota vya wazi kwenye panda za matawi, kama ndege wengine. Kijana wao mmoja, Shekue, alimpenda Mwanamkasi, binti wa mti wa pili. Binti naye alimpenda. Msitu mzima ulijua, isipokuwa wao wawili. Kila asubuhi Shekue alichuma kuyu lililoiva, akaruka hadi kwa binti, akamtazama machoni, na hapohapo koo likamkauka. Akalimeza kuyu mwenyewe.

“Joto leo,” akasema.

Mwanamkasi, mvua ikimchuruzika mgongoni, akajibu huku akiangalia kucha zake, “Ndiyo, joto.”

Jirani yao Chiriku alicheka nusura aanguke. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kucheka, maana Kunguru alileta posa, na desturi ya ndege enzi hizo ilikuwa hivi: mwali huulizwa mbele ya wazee, na akinyamaza, amekubali.

Mwanamkasi alijijua. Mbele ya macho ya watu ulimi wake ulikuwa jiwe, na kimya chake kingemwoza kwa Kunguru. Siku ya kuulizwa akaingia katika tundu la mti, akaziba mlango kwa tope na kwa vitu vingine nisivyovitaja mbele ya chakula, akabakiza ufa wa kupumulia.

Shekue akaja na kuyu lake kama kawaida. Safari hii hakuona macho, aliona ukuta tu. Koo halikukauka.

“Mwanamkasi, hilo joto mimi silijui wala silijali. Nakutaka wewe.”

Kisha sauti ikatoka ndani, “Umechelewa, mwanamume wewe! Na hilo kuyu, unalimeza tena?”

Akalipitisha ufani.

Wazee wa Kunguru walipofika wakauliza, “Mwali, unasemaje?”

“Nimeshakula cha Shekue, wajomba. Rudini salama.”

Kunguru akaondoka akitukana, na mpaka leo hajanyamaza.

Yapo maneno yasiyotoka mpaka macho yafichwe. Hata hapa kwetu wapo wa namna hiyo, nawajua kwa majina, ila leo sitaki kesi.

Na tangu siku hiyo, hondohondo jike akitaka kutaga hujiziba ndani ya mti, na mumewe humlisha kupitia ufa, wakizungumza mchana kutwa. Ufa huo hutosha mdomo, macho hauyatoshi. Makinda wakishakua, ukuta huvunjwa, mke akatoka, wakatazamana. Hapo tulieni msikilize. Dume hukohoa kidogo, akaangalia mawingu.

“Joto leo.”

“Ndiyo, joto.”