Nguruwe Atembezwa Mwambani

Paukwa!
Pakawa!
Mmekaa?
Tumekaa!
Anayetaka maji ya kunywa?
Keshakunywa!
Basi nasema mara moja, sirudii.

Mama Kaa alikuwa anatoa mchanga shimoni, parr, parr, parr, mgongo unamuuma. Mara Kitwitwi, yule ndege wa ufukweni, akaja mbio kwa vijiguu vyake vyembamba.

"Shoga, acha mchanga! Nguruwe katoka msituni. Kafukua mashimo yote ya upande wa mikoko, kala wakubwa kwa wadogo. Sasa anakuja huku."

"Kwangu? Shimo nalichimba tangu asubuhi!"

"Hilo hilo analitaka. Na wanao wamo ndani."

Mama Kaa hakulia. Alikasirika mpaka macho yakamsimama. Akawaambia watoto, "Ingieni ndani kabisa. Atakayetoa hata ukucha, nitamla mimi kabla ya Nguruwe." Akatoka ubavuubavu kumlaki mgeni.

Nguruwe huyo, ng'oro, ng'oro, pua mbele. "We kaa! Ufuo wangu, mashimo yangu, vilivyomo vyangu. Lete watoto."

"Karibu, bwana mkubwa. Lakini wanangu ni maganda matupu. Leo maji yamekupwa mpaka mwambani. Twende nikutembeze, uone mali yako, ule vilivyonona. Hawa hawaendi popote."

Nguruwe akameza mate. Wakaenda.

Wakafika kwenye dimbwi. Ndani kimelala kitu chekundu chenye mikono mitano.

"Hiki nini?"

"Kiti cha pweza."

"Kinaliwa?"

"Hakiliwi. Mbele kuna kizuri zaidi."

Wakafika penye majani ya bahari. Kitu cheusi, kirefu, kimejinyoosha mchangani.

"Hiki nini?"

"Jongoo wa baharini."

"Analiwa?" Hakungoja jibu, akang'ata. "Ptuu!"

"Nimekwambia, mbele kuna kizuri zaidi."

Wakafika ukingoni mwa mwamba. Hapo, juu ya jiwe refu, alikaa chaza mkubwa kama sinia, kafunua mdomo, nyama yake ya buluu na kijani inang'aa juani. Hata Mama Kaa, na hasira zake zote, alisimama kidogo kuitazama.

Nguruwe hakutazama. Watu wa pwani wakikuta kitu wasichokijua, hukichokoa kwanza kwa kijiti. Yeye kazoea kutia pua. Akatia pua, akauma nyama.

Kapu!

Chaza kafumba. Nguruwe kavuta huku, kavuta kule, wapi! Na maji yakaanza kurudi, shwaa, yakamfika kwatoni.

"Nifungue!" akasemea puani.

"Chaza akiumwa hubana, akiachwa hulegea. Iachie nyama."

"Yangu!"

Shwaa, magotini.

"Iachie."

"Yangu!"

Shwaa, tumboni.

"Iachie, wewe!"

"Yangu!"

"Haya. Ufuo wako, mashimo yako, na maji haya yako. Yanywe."

Mama Kaa akaenda zake. Maji yalipomfika Nguruwe machoni, ndipo akaiachia nyama, chaza akaiachia pua. Akaogelea mpaka nchi kavu, akakimbia mpaka msituni, na pua imebaki bapa kama kitako cha kikombe mpaka leo. Huku pwani hajarudi kufukua mashimo.

Mama Kaa kufika nyumbani, hakuna aliyetoa hata ukucha. Na hakuna aliyetoa hata punje ya mchanga! Akagomba, akachimba mwenyewe, parr, parr, parr, akaandaa mwani, akawaita watoto mmoja mmoja.

"Kucha?"

"Nipo."

"Ganda?"

"Nipo."

"Ubavu?"

Kimya.

"Ubavu!"

"Nipo, mama, nilikuwa nimejaza mdomo."

Wote wapo. Wakala.

Funzo lake, watoto wangu: mgeni akija kwenu, mkaribisheni vizuri. Mtembezeni, mwonyesheni kila kitu kizuri, na msimharakishe kurudi. Ukarimu haujawahi kumdhuru mtu.

Hadithi nimeifukia shimoni. Aliyeshiba aoshe sahani.