Macho Yakitangulia, Tumbo Hufuata

"Macho yakitangulia, tumbo hufuata." Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia bi harusi asubuhi alipokuwa akimpandisha garini, nanyi mkacheka, mkadhani ni habari za chakula. Si chakula. Mmeniuliza msemo huo umetoka wapi, basi kaeni niwaeleze, maana aliyeuanzisha anajulikana kwa jina na kwao.

Alikuwa Nakijwa, binti wa kijiji cha Mamba, juu milimani Upareni, ambako tangawizi hulimwa hadi mlangoni. Aliolewa na Senkondo, mkata mkonge, akashuka naye tambarare kuishi katika nyumba za kambi ya shamba. Ukisimama uani kwake, mlima wa kwao ulionekana wote, na asubuhi zisizo na ukungu hata moshi wa mashamba ulionekana. Mwanzoni aliutazama kila alipofagia. Baadaye akachukia kuutazama, maana ulimpa uchungu wa bure. Akahamisha mafiga upande wa pili wa nyumba, akawa anapika akiupa mgongo.

Mtasema, si angepanda kwa miguu? Angepanda. Lakini troli la reli la kubebea mkonge lilimkanyaga mguu mwaka ule ule alioolewa, na tangu hapo mlima ulimshinda. Ikabaki njia moja, lori la Mzee Kiangi, lililopandisha chumvi na mafuta ya taa siku ya gulio na kushusha tangawizi. Lori lile nalo hakuliweza. Halijamaliza kona ya pili, tumbo limeshampanda kooni. Na mke wa mtu wa siku zile hakukubali kuonekana akitapika mbele za watu. Nakijwa alijifunika kanga gubigubi, kichwa na yote, akahangaika humo gizani peke yake. Kwenye kona ya nne aligonga bodi, akateremshwa, akarudi akichechemea. Alijaribu tena, akateremshwa pale pale. Miaka ikapita hivyo.

Kambi nzima ikageuka waganga. Huyu alimwambia anuse ganda la ndimu, yule atafune mnanaa. Jirani mmoja aliapa kwamba dawa ni kusafiri na njaa, Nakijwa akasafiri na njaa, akatapika nyongo. Mama yake naye alimtumia tangawizi mbichi kila gulio kwa lori lile lile. Nakijwa aliipokea, akainusa kabla hajaiosha, kwa sababu udongo ulioganda juu yake ulikuwa mwekundu wa kwao. Alilia waziwazi. Tangawizi ya mama ilimfikia kila wiki, na yeye hakuweza kumfikia mama hata mara moja.

Kisha ikafika siku tangawizi haikuja. Gulio lililofuata haikuja tena, ila alishuka wifi yake, Namkunda, mke wa kaka yake, mikono mitupu.

"Wifi, tangawizi ya mama iko wapi?"

"Haikuchimbwa. Mama macho yanamwisha, wifi. Giza linaingia huku na huku, amebakiwa na katikati kidogo tu. Anataka akuone uso kabla halijajaa."

Nakijwa akakaa chini, pale pale penye vumbi.

"Halafu kanituma nikuulize," Namkunda akaendelea. "Ukipanda lori, unajifunika?"

"Nisijifunike, watu wanitazame?"

Namkunda alicheka, na huku machozi yanamlenga. "Alijua utajibu hivyo! Anasema hata utotoni, mgongoni kwake, ulikuwa hivyo hivyo. Mkipanda kutoka gulioni, akikufunika kichwa unamtapikia shingoni. Akikutoa kichwa ukauona mlima, unanyamaza, unamshika masikio unamwendesha. Anasema tangawizi tafuna, kidogo kidogo, na asubuhi unywe uji mwepesi. Lakini macho uyatangulize nyumbani."

Siku ya safari Nakijwa aliketi mbele juu ya magunia ya chumvi, kanga mabegani, kipande cha tangawizi shavuni. Kona ya kwanza mkono wake ulikimbilia kanga wenyewe, Namkunda akauzuia. Basi akainua uso, akautazama mlima ambao alikuwa ameupa mgongo miaka yote ile. Hamu yote aliyoikimbia ikamjia pamoja, ya migomba, ya sauti ya mfereji nyuma ya nyumba, ya mama. Iliuma kuliko tumbo. Tumbo lilichafuka, likatulia, likachafuka tena, na yeye hakuondoa macho.

Kwenye kona ya nne Mzee Kiangi alisimamisha lori mwenyewe, kwa mazoea. "Mama, umefika pako."

"Bado, baba. Twende."

Lori zima likapiga vigelegele. Karibu na kilele alitapika kweli, kando ya bodi, mchana kweupe, watu wanamwona. Akapangusa mdomo, akaendelea kutazama mbele.

Mama yake alikuwa kwenye kigoda kando ya barabara. Aliushika uso wa binti yake kwa mikono miwili, akaugeuza polepole mpaka ukaingia pale katikati palipobaki na mwanga. Akautazama, akautazama.

"Umezeeka," akasema. "Na umetapika."

"Mara moja tu, mama."

Walikaa pamoja mpaka gulio lililofuata. Siku ya kushuka, Nakijwa aliketi kinyume, akiangalia nyuma, alikosimama mama yake. Mkono wa mama ulikuwa juu, ukipunga kuelekea mahali ambapo lori lilikuwa limekwisha kuondoka. Namkunda, kando ya mama, akampigia kelele ageuke, dawa si anaijua! Hakugeuka. Alitapika kila kona hadi tambarare.

Kambini walimcheka, wakamuuliza kama dawa ya mama yake ilikuwa ya kwendea tu. Akawajibu, "Macho yakitangulia, tumbo hufuata. Yangu yamebaki juu." Jioni ile aliyarudisha mafiga upande wa mlima, wala hakuyahamisha tena.

Sasa kumbukeni bi harusi wetu asubuhi, shingo ilivyokuwa ikigeukia mlango wa mama yake na gari limeshawashwa. Shangazi yenu aliliona lile. Akamshika kidevu taratibu, akamwelekeza mbele, akamwambia: Mwanangu, macho yakitangulia, tumbo hufuata.