Kindi na Nishani za Ndugu wa Mtoni

Hodi, wasikilizaji!
— Karibu na uongo wako!
Niumwage wote?
— Umwage, tutauzoa!

Haya. Palikuwa na Kindi, mkia mkubwa kuliko mwili, na mapenzi yake yalikuwa kukusanya nishani. Si nishani zozote! Zile za kale, za Chama cha Ndugu wa Mtoni, walizovaa wanyama siku za mkutano, miaka ya elfu moja mia nane na kitu. Alikuwa nazo kumi na mbili. Kila asubuhi alizisugua kwa majivu na ndimu, shuku-shuku-shuku, akizitaja kwa majina ya waliozivaa. Moja ilikuwa ya babu yake, aliyekuwa bawabu wa chama. Hiyo aliibusu kwanza. Jamani, mimi nampenda huyu Kindi.

Siku moja akaja Chui. Chui naye alikusanya nishani, ila hakununua wala hakuomba. Alinyang'anya.

"Lete zote, we Kindi!"

Moyo wa Kindi, du-du-du. "Hata ya babu yangu?"

"Hiyo hasa!"

Kindi akazileta. "Chukua, Bwana Chui. Lakini nishani huvaliwa. Ukizificha, nani atajua wewe ni mkubwa? Nikufungie kifuani?"

"Nifungie!" Anapenda sifa huyo!

Kindi akazifunga kifuani kwa kamba ya mkonge, mafundo yote mgongoni, makucha yasikofika.

Chui akaenda kuwinda. Akamnyemelea Swala: nyata, nyata... kilin! kilan! Swala huyoo! Akamnyemelea Kanga: nyata, nyata... kilin! kilan! Kanga purrr! Akamnyemelea Panya, tazameni njaa hiyo: kilin! kilan! Panya shimoni.

Siku ya nne akarudi, tumbo limeshikana na mgongo.

"Nifungue, ndugu yangu."

"Leo mimi ndugu?"

"Nakusihi!"

"Apa kiapo cha chama: ndugu hali ndugu, wala hamnyang'anyi."

Chui akaapa huku analia. Kindi akafungua fundo moja moja, akaikumbatia ya babu yake. Kisha akamtazama Chui alivyokonda, akamwonea huruma. Akachagua nishani moja, akamwekea kiganjani.

"Hii yako. Nimekupa."

Chui akaigeuzageuza. Maisha yake yote alikuwa hajapewa kitu.

Funzo lake, wanangu: ukitaka kitu kizuri, mnyang'anye mdogo wako! Ukishindwa kula, usiseme nilikutuma mimi.

Ngano imefika kwake, nasi twende kwetu.